Jiwe Lisilo la Kisiwa Hicho

Kambi ya Wakimbizi,
Élisabethville, Katanga,
Jumanne, 19 Juni 1962.

Mpendwa mdogo wangu Clovis,

Nakusalimu kwa upendo, ukiwa huko mbali kwenye visiwa vyako vya Shetland. Je, u mzima? Mguu wako uliovunjika unakanyaga sasa, au bado unajikokota na fimbo kama padri mzee? Na baridi ya huko unaivumilia vipi, wewe uliyekuwa ukilia ukiambiwa uoge mwezi wa Juni?

Ukiuliza hali yangu, mimi ni mzima kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima mahali hapa. Nimekonda. Asubuhi kifua kinanibana kwa moshi na vumbi. Lakini nakula, nafanya kazi, nalala, na anayeweza kusema hivyo katika kambi hii amshukuru Mungu asinyamaze.

Barua yako ya pili ilinifikia mwezi wa tano kwa mkono wa padri wa parokia, na jibu langu ni hili tu, baada ya wiki nyingi. Usinikasirikie. Si kwamba nimekusahau. Nimechoka, Clovis. Uko uchovu ambao unalala nao na kuamka nao, na mimi huo nimeuzoea kama kiatu kinachobana.

Naanza na mambo ya nyumba, maana sijui ni barua zipi zetu zilikufikia baharini na zipi zilipotea. Nyumba yetu ya Katuba hatuna tena. Tangu Katanga iliposema kwamba ni nchi peke yake, sisi Waluba wa Kasai tuligeuka wageni kwa siku moja. Mwezi wa tisa mwaka jana vijana walipita mtaani wakipaka chokaa milango ya kwetu. Tuliambiwa turudi tulikotoka. Mimi nilitoka tumboni mwa mama katika hospitali ya hapa hapa, na wewe vilevile, na baba yetu Symphorien kazikwa hapa baada ya miaka ishirini na tatu ya kufunga mataruma ya reli.

Tulikimbilia kwa askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, Waswidi, na maelfu wengine wakafanya hivyo hivyo, mpaka kiwanja kikawa mji. Kibanda chetu kilikuwa mbao za masanduku, magunia, na mlango wa gari la mtu nisiyemjua. Miti yote ya mikalitusi tuliikata kwa kuni. Mimi nilipata kazi ya kufunga vidonda katika zahanati ya kambi, na vidonda havikukosekana, hasa wakati wa vita vya Desemba.

Siku ile ya kukimbia watu walibeba magodoro na cherehani. Mama yetu alibeba mafiga. Ndiyo, yale mawe matatu ya kupikia, ndani ya beseni, kichwani, kutoka Katuba mpaka hapa. Majirani walimcheka, na mimi niliona haya. Nilimwambia mawe yapo kila mahali duniani. Aliendelea kutembea, na shingo yake iliuma mwezi mzima.

Unayakumbuka vizuri kuliko mimi, wewe uliyekuwa unakaa naye jikoni wakati nimefungiwa bwenini kwa masista. Moja ni lile jekundu, alilopewa na mama yake siku alipopanda treni kuja kuolewa na baba, ili jiko lake jipya liwe mtoto wa jiko la kwao Kasai. Mawili ya kijivu aliyaongeza hapa hapa: moja aliliokota kwenye mto wa Lubumbashi, moja nyuma ya karakana ya reli. Kwa mawe hayo tulikula bukari, ugali wetu, maisha yetu yote.

Sasa nikueleze jinsi ulivyokufa.

Kadi yako ya kwanza, ile yenye picha, ilifika mwezi wa pili, imepita kwenye mvua nyingi. Mwanzo wake wote ulikuwa wino uliomwagika. Mimi nilikuwa zahanati, kwa hiyo mama aliipeleka kwa Papa Antoine, fundi viatu wa kibanda cha jirani, mtu mwema, msomaji wa polepole. Yeye alisoma alichoweza kukisoma, kwa sauti, mbele ya watu. Hayo hapa ndiyo maneno yako, nimeyanakili kama yalivyo: “Mama, niko mu nyumba ya bankambo, chini ya udongo. Iko baridi lakini nimezoea. Musinihurumie.”

Clovis, mdogo wangu, una akili gani? Mtu anamwandikiaje mama Mluba kwamba yuko kwa mababu, chini ya udongo, na baridi ameizoea? Na juu ya hayo, picha yenyewe! Nyumba za mawe zisizo na paa, zimezama ardhini, kiasi kwamba mtu asiyejua ataapa ni makaburi yaliyofunguliwa. Papa Antoine aliigeuza kadi, akaitazama picha, akavua kofia.

Nilipotoka kazini nilisikia kilio kuanzia kwenye foleni ya maji. Nikajiuliza ni cha nani leo. Mama alikuwa amekwisha kunyolewa nywele. Tulikaa matanga siku tatu, na watu wasio na kitu walileta walichokuwa nacho, nusu kikombe cha unga, kipande cha samaki mkavu, kuni mbili. Mimi niliisoma ile kadi mara kumi na sikupata njia ya kuielewa vingine. Nililia mpaka nikachoka. Ulikuwa marehemu kwa miezi mitatu, na marehemu mwenye heshima. Hata wale uliowaudhi shuleni walikusifu.

Ndipo ilipokuja barua yako ya pili, ndefu, kavu, imeandikwa kwa kalamu ya risasi. Niliisoma nimesimama mlangoni pa sakristia. Kwamba meli yako ilipanda kaskazini kutoka Antwerp, kwamba uliteleza ukavunjika mguu wakakushusha katika hospitali ya kisiwa, na kwamba mwalimu mmoja mstaafu anakulipa umsaidie kufukua nyumba za kale zilizofunikwa na mchanga. Kumbe “mababu” wenyewe ni mababu wa Wazungu! Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena kidogo.

Nimekwisha kuirudia barua hiyo mara nyingi, na nakiri imenishika. Unasema mnafukua kwa brashi na kijiko, nyumba juu ya nyumba, na kwamba zile za chini kabisa zilijengwa na watu waliokuwa hawajui hata chuma. Juu yao wakaja wengine, wenye nyumba za duara. Na zaidi ya miaka elfu iliyopita wakafika Wavikingi, kwa merikebu, kutoka upande wa Norwei, nao wakajenga nyumba zao ndefu juu ya za wenzao. Unasema jiko la kila nyumba lipo katikati, mawe yake yamesimama vilevile, na majivu yapo. Nilijiuliza watu hao wa kwenu wanapata wapi nafasi ya kusugua majivu ya watu kwa brashi. Hapa nyumba ya miezi tisa imekwisha kuwa gofu.

Uliandika pia kwamba mwalimu wako alikuonyesha jiwe la kunolea kisu, dogo kama kidole, akakuambia, “Hili si jiwe la kisiwa hiki.” Mwamba wa namna hiyo huko hakuna, lilikuja na watu, ng'ambo ya bahari, mfukoni mwa mtu. Kwa jiwe kama hilo wanajua kwamba wageni walifika, na kwamba walikaa wakapika na kuzaa watoto. Ila hukuandika kitu kimoja, Clovis. Wale wenyeji wa kwanza waliwaambia nini? Walipaka milango chokaa? Au ni wageni waliowafukuza wenyeji? Muulize mwalimu wako, mimi nataka kujua.

Nilikimbia na barua mpaka kwa mama nikijua nampelekea uzima. Aliisikiliza yote. Halafu akaendelea kuchambua sombe yake, majani ya muhogo. “Weye Claudine, unanidanganya,” akasema. “Unaandika mwenyewe, kusudi nipande treni.”

Hapo ndipo shida yenyewe ilipo, nawe uielewe. Tangu mwezi wa tano ONU inaturudisha Kasai kwa treni, kundi baada ya kundi. Kibanda kinachohamwa kinabomolewa siku ileile. Treni ya mwisho ni Ijumaa hii, na baada yake askari wanaondoka. Atakayebaki atabaki uwanjani bila ukuta na bila mlinzi, katika mji uliomwambia mara moja aende zake. Na mama alikuwa hataki kuondoka.

Alisema matanga ya mtoto hayaachwi njiani. Alisema kama umekufa, basi roho yako itamtafuta Élisabethville, maana Bakwanga, huko Kasai tunakopelekwa, hujawahi kufika hata siku moja. Na kama hukufa, mji unaoujua ni huu huu. Kwa vyovyote vile yeye anakaa. Nilimsomea barua tena. “Bafu banaandikaka barua?” akaniuliza, na aliponiuliza alicheka cheko baya ambalo sitaki kulisikia tena. Nilimwambia ndicho ninachosema, mama, wafu hawaandiki, kwa hiyo yu hai. Akasema, “Basi ni weye uliandika.”

Wiki tatu, Clovis. Treni nne zimeondoka na jina lake likasomwa kwenye kipaza sauti na yeye amekaa tu. Mimi nilimbembeleza, nikamfokea, hata nilimletea padri. Papa Antoine alipiga magoti akakiri kwamba alisoma vibaya. Mama alimsamehe akampa na chai, lakini hakuondoka. Nilifika mahali pa kupanga nibaki naye, na nikuambie ukweli kwa sababu sina nguvu ya kuficha: nilimchukia kidogo. Kisha nikalia kwa kumchukia.

Kilichotuokoa ni mistari miwili ambayo mimi nilikuwa nairuka kila mara, kwa kuwa niliona ni upuuzi wako. Mahali ulipoeleza kwamba mlipata kibao cha jiwe, na juu yake mtu wa zamani alikwaruza merikebu kwa ncha ya kisu. Hapo ukaongeza: “Kama mimi nilikwaruza jina yangu chini ya jiwe nyekundu ya mama na musumari, akanipiga na mwiko.” Alhamisi ya wiki mbili zilizopita nilikuwa nasoma nimesinzia, nikasahau kuruka.

Mama aliacha kuchambua. “Soma tena.” Nikasoma. Ilikuwa saa tisa mchana na jiko bado lina moto. Alitoa chungu, akatoa makaa kwa mkono, kwa mkono Clovis, akalipindua lile jiwe jekundu kwa kijiti. Chini, chini ya masizi ya miaka yote hiyo, baada ya kusugua na majivu na maji, zikatokea: K, L, O, halafu mstari uliokatika, nadhani ni pale mwiko ulipofika. Wala hukujua bado kwamba jina lako linaanza na C.

Mimi sikuwa na habari hiyo. Nilikuwa kwa masista mwaka huo. Baba hakuambiwa. Duniani kulikuwa na watu wawili tu wanaojua, yeye na wewe, na mimi nisingeweza kuitunga. Alilishika jiwe lile lingali moto, akalipakata mapajani kama mtoto. “Eko muzima,” akasema. “Mutoto yangu eko muzima.” Kisha akanitazama kama vile mimi ndiye niliyekuwa namchelewesha wiki tatu zote, akaniuliza treni ni lini.

Aliondoka Jumamosi, tarehe kumi na sita. Lakini usifikiri aliondoka kwa urahisi. Mama yetu unamjua.

Langoni askari walikuwa wanapekua mizigo, wanatafuta silaha. Wanachukua minyororo ya baiskeli, mapanga, mishale, na mawe pia, kwa sababu mawe ya kambi hii yamekwisha kupasua vichwa vya watu, na baadhi ya vichwa nimevifunga mimi. Mswidi mmoja, kijana mrefu mwenye pua iliyobabuka kwa jua letu, alifungua furushi la kikwembe cha mama akakuta jiwe. Akalitupa kwenye lundo. Mama naye akaketi chini, katikati ya lango, na mstari wa watu mia mbili ukasimama nyuma yake.

Waliniita kutoka zahanati kwa ajili ya Kifaransa changu. Kijana yule Kifaransa chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Nilimwambia jiwe la jiko, la kupikia. Akatikisa kichwa, akaonyesha jinsi mtu anavyotupa jiwe. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutaka kuketi na mimi. Basi nikatoa kadi yako mfukoni, ile ya mauti, nikaweka kidole kwenye lile jiko la katikati ya nyumba, halafu nikaonyesha lundo.

Aliisogeza karibu na macho. Akasema neno moja nililolielewa: “Viking.” Kisha akaenda kwenye lundo. La kwanza aliloinua mama alikataa kwa kichwa. La pili pia. La tatu lilikuwa na masizi. Akalisugua kwa kidole gumba, akanusa kidole, akalileta kwa mikono miwili na kuliweka kwenye kikwembe mwenyewe. Nimewalaumu askari hawa kwa mengi, lakini hilo nitamkumbukia.

Pale alipolisugua ndipo nilipoona. Jiwe lilikuwa la kijivu, lile la mto wa Lubumbashi. Nilishtuka, nikamwambia mama amekosea, jekundu la Kasai limebaki kibandani, nikimbie nilichukue, bado kuna muda. Nilidhani huzuni imemchanganya.

“Sikukosea,” akasema. “Kasai nitakuta mawe ya Kasai. Hapa banasema siye bageni, hatukukala hapa. Muzuri. Ile nyekundu inabakia. Siku moja batachimba na brashi, bataona jiwe haiko ya hapa, na jina ya Clovis chini. Batajua tulikuwa.”

Nilikuwa nimesoma barua ile mara nyingi kuliko yeye, na hilo halikunipitia akilini. Yeye alisikia habari za jiwe la kunolea mara moja, akichambua mboga, akidhani mimi ndiye niliyezitunga.

Jioni nilikwenda kibandani kabla hakijabomolewa; mimi sasa nalala zahanati. Jiwe jekundu alikuwa amelichimbia pale pale jikoni, mpaka shingoni, upande wa jina umeelekea chini, na majivu juu yake. Nililisukuma lizame zaidi, nikafunika kwa udongo wa kichuguu, nikakanyaga. Ni hatua kumi na nne kutoka kwenye bomba la maji, kuelekea gogo la mkalitusi lililopasuka kwa kombora. Andika mahali fulani. Katika mji huu sasa jina lako lina mizizi kuliko letu sote.

Jiwe la tatu, la karakana ya reli, nitakwenda nalo Ijumaa, zahanati ikifungwa, na Mswidi akitaka kulitupa sina kadi nyingine ya kumwonyesha. Lakini jifya moja haliinjiki chungu, na mawili vilevile. Hilo ndilo alilonipigia kelele mama dirishani, treni ikiwa imeanza kutembea, kipara chake cha matanga nje, watu wanamvuta ndani: “Mwambie Clovis, asilete nguo, asilete sabuni! Alete jiwe moja ya kule!”

Nimefikisha. Usilete lililochongwa wala la makumbusho, mwalimu wako atalia. Lete jiwe la pwani tu, lisilopasuka kwa moto, ulilete wewe mwenyewe kwa mkono wako.

Papa Antoine fundi viatu anakusalimu sana na anaomba radhi kwa kukuua. Mkewe Ngalula anakusalimu, pamoja na binti yao mchanga aitwaye Mimi, aliyezaliwa hapa kambini mwezi wa tatu na ambaye naye wanamwambia arudi kwao. Mwalimu wako mpe salamu za nyumba yetu. Mungu akulinde juu ya barafu na juu ya maji, aunyoshe mguu wako, na akufikishe tulipo.

Anwani yetu mpya ni Parokia ya Bakwanga, Kasai. Ukishuka, uliza mama mwenye kipara anayepikia juu ya mawe mawili na kopo la maziwa.

Ni mimi yaya wako, dada yako mkubwa, niliyekulilia siku tatu bure na ninayekupenda vilevile,

Claudine